Mshono Uliopita Ukaguzi

Mama Kipanga alikuwa na hofu za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya kila mzazi, ambayo mtu hulala nayo na kuamka nayo kama shuka. Ya pili ilianza siku binti yake alipoingia uani na mkoba mkubwa kumzidi yeye mwenyewe, akaufungua, akavuta kitambaa cha manjano kisichokuwa na mwisho, kisha akasema, "Mama, hili ndilo bawa langu."

Tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, binti alipanda mlima karibu kila Jumamosi pamoja na wenzake. Huko juu walijifunga kwenye viti vya mikanda vilivyoning'inia chini ya mabawa ya kitambaa, wakakimbia kuelekea mteremkoni, na upepo ukawanyanyua. Wenzake walimpachika jina la Kipanga kwa jinsi alivyojua kuelea bila kutikisika. Jina hilo likashuka mlimani, likaingia mtaani, na mama mtu, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akiitwa fundi wa mapazia, akawasikia wateja wakimwita Mama Kipanga. Hakulipenda. Lakini jina ni kama moshi, huwezi kulifungia mlango.

Hakuwahi kwenda kutazama. "Siku nitakayopanda huko," alizoea kusema, "nitakuwa nimeitwa kuokota."

Hakusema hivyo kwa ushirikina. Mumewe alikuwa mwashi, naye alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, ghorofa ya pili tu, asubuhi ya siku ya kawaida, chai aliyoinywa nyumbani ikiwa bado ina joto tumboni. Kwa hiyo Mama Kipanga alijua kwamba kimo hakihitaji kuwa kirefu ili kimmalize mtu.

Ijumaa moja, binti alirudi nyumbani mchana kutoka duka la miwani alikofanya kazi, akaketi mezani kumenya chungwa.

"Kesho upepo utakuwa mzuri," alisema.

"Mzuri kwa nani?"

"Kwa kuruka, mama."

"Sema kujitupa. Kuku ana mbawa zake za kuzaliwa nazo na bado anaogopa kupanda juu ya paa, sembuse wewe uliyenunua zako dukani!"

Binti akacheka. "Sisi tunakagua kila kitu mara tatu kabla ya kuiacha ardhi."

"Kitu kinachotaka kukaguliwa mara tatu si cha kuaminiwa hata mara moja."

"Na wewe unavyovuka barabara ya sokoni na jora la kitambaa kichwani, hutazami kulia wala kushoto? Ile umeikagua mara ngapi?"

"Ile ni barabara! Barabara ni lazima. Angani nani kakulazimisha?" Mama Kipanga alisikia sauti yake ikipanda, akashindwa kuishusha. "Baba yako alikufa akitafuta riziki. Wewe ukifa nitawaambia nini watu? Kwamba mwanangu alikuwa anacheza?"

Binti akakiweka kisu chini, polepole.

"Baba alikufa kwa sababu hakuna mtu aliyelikagua lile jukwaa," alisema. "Hata mtu mmoja, mama."

Akanawa mikono, akarudi kazini. Chungwa likabaki mezani, nusu limemenywa.

Mama Kipanga alijaribu kurudi kwenye cherehani, lakini miguu yake ilimpeleka uani. Kiti cha mikanda kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari ili kipate hewa. Kwa miaka miwili alikuwa akikipita bila kukitazama, kama mtu anavyompita mdai wake. Leo alisimama, na jicho la fundi likafanya kazi yake bila kuombwa. Mahali ambapo mkanda wa bega la kushoto ulikutana na kiti, mshono ulikuwa umesuguliwa na mawe. Nyuzi zilisimama kama manyoya ya paka aliyetishwa. Mbili tatu zilikuwa zimekatika kabisa.

Akazigusa kwa ncha ya kidole.

Mtu mwingine angemsubiri binti yake jioni amwambie, "Njoo uone." Lakini maneno ya mchana yalikuwa bado mabichi, na Mama Kipanga hakutaka kuanza na "njoo uone" kisha amalizie na "nilikwambia". Isitoshe, alikuwa fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Akawaza: ikiwa siwezi kumzuia asiende, basi na aende na kazi ya mkono wangu begani.

Alikichukua kiti akakipeleka kwenye ile cherehani kubwa aliyoshonea mikoba na maturubai. Akaufumua mshono wote wa zamani, kwa kuwa fundi wa kweli hashoni juu ya kilichooza. Uzi wa maturubai ulikuwa umekwisha tangu Jumatano. Akatafuta mweusi uliofanana na mkanda, akaupata, uzi bora wa mapazia, akaukunja mara mbili. Akafuata alama zile zile za sindano ya kwanza, mraba na msalaba ndani yake, kila hatua sawa na mwenziwe. Alipomaliza alikanyaga kiti kwa mguu, akauvuta mkanda kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Haukusogea. Mapazia ya ukumbi wa mikutano yalikuwa mazito kuliko binti yake, naye aliyashona kwa uzi huo huo, na huu ulikuwa mwaka wa tisa yakining'inia.

Alipokuwa akikirudisha kiti msumarini, karatasi iliyokunjwa ilidondoka kutoka kwenye mfuko wa kiti. Mwalimu wa darasa la watu wazima, alikokuwa akijifunza kusoma, alikuwa amewaagiza wanafunzi kila mmoja aje kesho yake na karatasi yoyote iliyomo nyumbani kwake, waisome pamoja. Akaitia ndani ya daftari lake.

Asubuhi binti alishika mkoba kabla jua halijapanda.

"Umekunywa chai?" mama akauliza.

"Nimekunywa."

Maneno "mkanda wako nimeushona" yalifika kwenye meno ya Mama Kipanga. Akayameza. Akirudi salama nitamwambia, alijisemea, na tutacheka wote wawili.

Darasa lao lilikuwa katika shule ya msingi, na madawati yalikuwa ya watoto, hivyo wanafunzi wote walikaa magoti yakigusa kidevu. Mlinzi mstaafu ndiye aliyeanza. Alileta kasha la dawa, akasoma kwa kidole: "Ki-moja, ku-twa ma-ra ta-tu." Akainua kichwa. "Kumbe! Mimi vitatu nilikuwa navimeza kwa mkupuo, nimalize kazi."

"Na bado u hai, mzee!" mtu akasema, darasa likaangua kicheko.

"Sasa Mama Kipanga," mwalimu akasema.

Akasimama na karatasi yake. Kichwa cha habari alikisoma bila kukwama: "Mambo kumi na moja ya kukagua kabla ya kuruka." Wenzake wakanong'ona kwa furaha. Akaendelea mstari kwa mstari, kofia, kamba, vifungo. Miezi minane iliyopita alikuwa akitia kidole gumba penye sahihi. Leo maneno yalimfungukia moja baada ya jingine kama vifungo vya shati.

"Saba. Mshono uliochakaa usishonwe nyumbani. Ni ishara kwamba kiti kipumzishwe. Uzi wa kawaida, hata ukipendeza machoni, hukatika hewani, maana mrukaji anapogeuka, uzito wake huongezeka mara mbili au tatu."

"Safi kabisa!" mwalimu akasema. "Mmesikia? Hakukwama hata mahali pamoja!" Darasa zima likapiga makofi.

Mama Kipanga hakusikia makofi. Aliurudia mstari ule kwa kidole, akitumaini, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na darasa, kwamba amesoma vibaya. Herufi hazikubadilika. Mara mbili au tatu. Mapazia ya ukumbini hayageuki. Yananing'inia tu.

"Mama? Mbona huketi?" mwalimu akauliza.

Karatasi ilimponyoka mikononi. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Alimpigia binti simu akitembea. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita tena. Ndipo alipokumbuka kwamba kiongozi wao, ambaye wote walimwita Kocha, hukusanya simu zote ndani ya sanduku kabla ya kuruka, ili mtu asije akapokea simu akiwa hewani. Binti alikuwa amemweleza hilo kama ushahidi wa uangalifu wao, naye alimjibu, "Waangalifu hukaa nyumbani."

Mwendesha pikipiki alikuwa kwenye kona, anafuta kioo kwa kitambaa.

"Nipeleke mlimani kwa wale wanaoruka. Kimbiza, mwanangu!"

"Vaa kofia kwanza, mama."

"Hakuna wakati wa kofia!"

"Basi hakuna safari." Akamnyooshea kofia, mkono haukutetereka. "Mimi si mwoga, mama. Mimi ni baba wa watoto watatu."

Akaivaa. Njiani alimweleza kila kitu kwa kupiga kelele masikioni mwake, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kumpiga ngumi begani. Lori la mchanga lilikuwa mbele yao, likipanda kwa kujikokota.

"Lipite! Lipite hilo!"

"Kwenye kona? Mama, unakwenda kuzuia msiba au kuuanzisha?"

Akaacha kumpiga ngumi. Nyuma ya lori lile, katika vumbi lake, alikaa na mkanda ule mweusi machoni. Alikumbuka kila hatua ya sindano. Alikumbuka jinsi alivyojipongeza. Mumewe aliposimama juu ya jukwaa asubuhi ile, kulikuwa na mtu aliyeligongomea misumari, na bila shaka mtu huyo naye aliitazama kazi yake akaona ni nzuri.

Pikipiki ilimfikisha mwisho wa barabara. Kilichobaki kilikuwa cha miguu. Alipanda akishika majani, viatu mkononi, pumzi ikimkwaruza koo, na alipofika nusu aliinua macho, akaona bawa la manjano angani.

Lilikuwa juu sana, dogo kama ganda la chungwa, na chini yake alining'inia mtu. Lilianza kugeuka. Mama Kipanga aliketi chini bila kutaka. Aliutazama mzunguko ule, mtu akisukumwa pembeni kama ndoo inayozungushwa kwa kamba, na kila sehemu ya mwili wake ilikuwa ikisubiri bega moja lishuke. Hakuomba dua. Maneno yote yalikuwa yamemtoka, isipokuwa namba. Moja. Mbili. Tatu. Alikuwa akihesabu hatua za sindano.

Kisha upepo ukamletea sauti kutoka juu ya kilima. "Kipanga! Zamu yako, jiandae!"

Alisimama asijue amesimamaje. Bawa lile lilikuwa la mtu mwingine. Juu, kwenye uwanda wa majani, lilitandazwa bawa jingine la manjano, na mbele yake alisimama binti yake, amekwisha kujifunga, kofia kichwani, uso umeelekezwa kwenye upepo. Kijana mmoja alikuwa amenyanyua ncha za kitambaa. Kitambaa kikaanza kuvuta hewa, kikavimba.

Mama Kipanga alifungua kinywa. Haikutoka sauti, ilitoka pumzi tu. Akakimbia, akajitupa kifudifudi katikati ya bawa.

Kamba zikakaza, binti akavutwa nyuma, akaanguka kwa makalio. Vijana wakapiga mayowe.

"Nani huyo? Hatukanyagi kitambaa!"

"Kipanga, mama yako kaja kuatamia!"

"Mama!" Binti alijikwamua, uso umeiva kwa hasira na aibu. "Mama, toka kwenye bawa! Miaka miwili hukuja hata siku moja, leo unakuja kunifedhehesha mbele za watu?"

"Vua," mama akasema kwa sauti iliyokauka. "Vua kiti."

"Sivui."

"Mkanda wa kushoto. Nimeushona mimi. Jana. Kwa uzi wa pazia."

Kicheko kikakatika. Kocha, mtu mzima mwenye mvi za masharubu, akaja kwa hatua fupi fupi. Akaugeuza mkanda wa bega la kushoto kwenye mwanga, akaupitishia ukucha.

"Huu ndio mshono mzuri kuliko yote katika kiti hiki," alisema. "Nimeupitisha mwenyewe asubuhi hii."

"Na mimi niliukagua," binti akasema. Hasira ilikuwa ikimtoka usoni na kitu kingine kikiingia. "Mara tatu. Nilisema, wa kushoto uko vizuri, nikahangaika na wa kulia."

Kocha alimfungulia vifungo. Alimvua kiti, akakifunga kwenye mlingoti wa chuma uliobeba bendera ya upepo, akawaita vijana watatu waushike mkanda. "Vuteni." Wakavuta, ukashika. Mama Kipanga aliona aibu, na chini ya aibu hiyo tumaini la kipumbavu kwamba labda kazi yake ilikuwa imara, na yote haya ni uzushi wa mama mwoga.

"Sasa kwa kushtua. Kama mtu anayegeuka."

Wakavuta kwa kushtua. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, ta, sauti ndogo kama kibiriti. Mara ya tatu, ta-ta-ta-ta, na vijana watatu wakaanguka chali, mkanda umo mikononi mwao.

Bendera ya upepo ilipigapiga juu ya vichwa vyao. Kocha alitoa karatasi ya ukaguzi mfukoni, akaitazama sahihi yake.

"Saa moja iliyopita," alisema. "Saa moja iliyopita nimetia sahihi hapa." Kisha akasema kwa nguvu, bila kumtazama mtu, "Leo haruki mtu. Mkunje vitu vyenu."

"Kocha, upepo wenyewe huu!"

"Mkunje nimesema!"

Mama na binti walishuka kwa miguu. Binti alibeba mkoba, mama alibeba viatu vyake, akiwa amesahau kuvivaa. Mbali chini, mtu wa bawa la manjano alikuwa ametua shambani na kupunga mkono kwa yeyote anayemwona.

"Nisamehe," mama akasema.

Binti aliuhamishia mkoba bega la pili.

"Mshono ulikuwa umechakaa?"

"Ulikuwa umesimama nyuzi. Mbili tatu zimekatika."

"Ungeuacha hivyo, ningeuona." Akasimama. "Unaelewa, mama? Ungeuacha mbaya, ningeuona asubuhi ile ile, nisingeruka. Wewe umeufanya mzuri."

Mama Kipanga alitaka kusema kwamba aliufanya kwa mapenzi, lakini alihisi kwamba neno hilo, hapo walipo, lilikuwa uzi wa pazia.

"Utarudi huku?" aliuliza badala yake.

"Nitarudi."

Hakubishana. Hakuwa na haki ya kubishana, na hofu haikumpungua hata chembe. Iliongezeka, kwa kuwa sasa alikuwa amekiona kilima, na angekuwa anakiona kila Jumamosi.

Siku zilizofuata walisemezana kwa yale ya lazima, chumvi, ufunguo, mvua. Alhamisi binti alikirudisha kiti kutoka kwa fundi wa vifaa hivyo, mji wa pili, kikiwa na mkanda mpya. Ijumaa jioni alikiweka juu ya meza ya kulia chakula, akaweka karatasi mpya ya ukaguzi na kalamu mbele ya mama yake, akaketi upande wa pili.

"Soma wewe," akasema. "Mimi nakagua."

"Mimi nasoma polepole."

"Ndivyo ninavyotaka."

Akasoma, kidole chini ya neno. Kofia. Binti akaishika, akaigeuza, akasema ipo. Kamba. Vifungo. Mstari wa saba waliupita kwa sauti ya chini. Baada ya wa kumi na moja palikuwa na mstari ulioongezwa kwa mkono wa Kocha, herufi zake kubwa kubwa: "Nani amekigusa kiti hiki tangu uliporuka mara ya mwisho?"

"Fundi wa mkanda," binti akasema. "Na mimi. Na wewe?"

"Sijakigusa. Nimekipita mara nne, sijakigusa."

Binti akaweka alama. Akanyoosha mkono aichukue karatasi, lakini mama hakuiachia.

"Nina hofu," alisema Mama Kipanga. "Tangu uingie na ule mkoba. Hata ukikagua mara mia."

"Najua, mama."

"Haimo humu."

Binti akamsukumia kalamu. "Basi itie."

Mama Kipanga akaivuta karatasi karibu. Aliandika namba kumi na tatu, akatua, akaandika taratibu kama mtu anayeshona gizani, akibonyeza mpaka meza ikalia: Mama ana hofu. Herufi ya mwisho ilishuka chini ya mstari. Akaigeuza karatasi upande wa binti yake.

Binti aliisoma. Aliisoma tena. Akachukua kalamu, na mbele ya maneno yale, penye nafasi ya alama, akaweka alama ile ile aliyoweka mbele ya kofia na kamba na vifungo.

"Ipo," alisema, kisha akaikunja karatasi na kuitia kwenye mfuko wa kiti, mahali ilipokuwa ile ya kwanza.